Swali la Kumi na Nne

Saa tisa alasiri, Desemba, kisiwani Björkö,
na giza limekwisha kujilaza juu ya paa.
Mama yuko zamu hospitalini, ng'ambo ya daraja.
Niko na kompyuta, maziwa yaliyoshika utando,
na mwalimu aliyerekodiwa mwaka juzi:
kila nikimbonyeza ananiambia habari za asubuhi.

Somo la tisa, Pwani.
Anachora mstari wa buluu, anaupandisha.
Paka anakanyaga kibodi, somo linarudi nyuma;
bahari inashuka, inapanda tena,
tiifu kama lifti.

Kisha mazoezi.
Nimepata kumi na tatu mfululizo.
Nimepanga tabaka za udongo,
nimeukokota Mto Ob kwa kidole hadi mahali pake.
Swali la kumi na nne:
*Pwani unayoishi itakuwaje miaka mia ijayo?*
*Itamezwa. Itapanuka.*
Chagua moja.

Kibanda cha mashua cha baba yake babu
kimesimama msituni, hatua mia mbili kutoka majini.
Mlango uliofungukia mawimbi
sasa unafungukia misonobari na kinyesi cha sungura.
Pete ya kufungia kamba bado ipo ukutani.
Ufunge nini?

Barafu ndiyo iliyotulalia, unene wa kilomita tatu,
kama mgeni mnene juu ya godoro.
Ameondoka zamani, hata hakuaga,
na godoro bado linajinyanyua,
milimita nane, labda tisa kwa mwaka.
Ukucha wangu unalishinda mbio.

Nabonyeza *Itapanuka.*
Nyekundu. *Si sahihi. Jaribu tena.*

Navaa buti, nachukua tochi na futikamba ya Mama.
Kwenye jiwe kubwa ufukweni
kila mtoto wa Backlund ana mkwaruzo wake,
usawa wa maji siku aliyobatizwa.
Wa Mama uko juu ya goti langu.
Wangu, *Tuva*, herufi zimejaa kuvu:
sentimita kumi na mbili juu ya barafu changa.
Napima tena, vidole vimekufa ganzi.
Kumi na mbili.

(Upepo wa magharibi ukivuma, maji hurudi siku mbili tatu
kama mdai, kisha yanakata tamaa.
Na Mama husema bahari ikizidi kuharakisha
itatufikia, tutakwenda sare,
halafu atakayeshinda tutamjua.
Hilo nalo halikuwamo kwenye majibu.)

Binamu yangu Rasmus ameniandikia:
*Weka ya kwanza tu. Mimi nimepata ishirini.*
Rasmus anaishi nyumba ya tatu kutoka hapa.

Chini kabisa ya ukurasa kuna kisanduku,
*Ripoti kosa*, herufi mia mbili tu.
Naandika habari za barafu, nafuta.
Naandika habari za godoro, naona aibu, nafuta.
Mwisho naacha maneno mawili:
*Njooni mpime.*

Kisha naweka ya kwanza, maana nataka alama zangu.
Kijani. Hongera, Tuva.
Swali la kumi na tano ni la volkano.
Huku hatuna.