Kivumishi cha Somoe

Usinihesabie mizani humu.
Mizani ilivunjwa Tandahimba, mwezi wa kumi,
mbele ya ghala la chama cha msingi,
na aliyeivunja ni Somoe Likwata,
kwa mchi aliomnyang'anya mama mmoja
aliyekuwa akitwanga kisamvu chake, hana habari.

Mimi ni karani wa mahakama.
Mkalimani pia, bila posho.
Nililetewa ripoti ya daktari, ukurasa mmoja na nusu,
na katikati yake kivumishi cha Kiingereza
kama changarawe kwenye wali.
Hakimu akasema: Nambunga, hilo neno nalitaka kwa Kiswahili
kesho saa tatu,
mama mwenyewe alisikie.

Usiku nikafungua kamusi, ile iliyoliwa na mchwa.
Ikaniambia: *-a wazimu. -a kichaa. Angalia pia.*
Nikaangalia pia.
Ukurasa wenyewe ulishaliwa.

Mke wangu Esha alikuwa akibangua korosho za nyumbani,
vidole vyeusi kwa utomvu wa maganda.
Linatamkwaje? akauliza.
Manaia-kali.
Kali ya nini?

Hapo usingizi ukaniruka.
Jua kali. Dawa kali.
Salfa kali machoni, msimu wa kupuliza.
Mtu angekuwa mkali. Nyuki mwenyewe ni mkali!
*Kali* tupu, bila kitu mbele, ni ya vitu.
Najua, Mwingereza hakukusudia,
mkia wa neno lake ni mkia tu.
Lakini nilishamwona Somoe ametolewa kwenye ngeli ya watu,
amepangwa rafu moja na shoka, na pilipili, na bei.

Nikajaribu mengine.
Wazimu: huo unakaa, una kibaraza chake sokoni, watu wanaupa chai.
Kichaa: hicho watoto hukirushia mawe.
Jazba ni ya mpira na ya kampeni.
Mori una mafuta ya ng'ombe ndani yake,
na ng'ombe kwetu ni wa kuhesabu.
Mahoka,
hayo bibi yangu wa Kitangari aliyamwagia unga wa mtama,
akayasemesha kwa adabu kama wakwe,
na hakuna daktari aliyeyaandikia ripoti.

Saa nane, umeme umekatika, nikiandika kwa tochi ya simu,
nikaona jambo ambalo nimelisema maisha yangu yote bila kuliona:
Mwingereza anasema mtu *ni* hivyo.
Sisi tunasema kimempanda.
Na kilichopanda
kinajua njia ya kushuka.

Asubuhi Somoe alisimama kizimbani,
akitazama viganja vyake kama vya kuazima.
Nikasoma:
Kwa maoni ya daktari, siku hiyo mshtakiwa alipandwa.

Alipandwa na nini? akauliza hakimu.

Si kazi yangu kujibu. Mkalimani ni bomba,
maji si yake.
Akajibu Somoe:
Kilo tisini na mbili. Nilipima nyumbani mara mbili.
Pale ikasoma sabini na nane.
Nikamwambia yule kijana, pima tena, mwanangu.
Akapima.
Sabini na saba.

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaacha.

Kumbukumbu zetu za wilaya zinaandikwa kwa Kiingereza,
kwa hiyo neno ilibidi lirudi kwao.
Nililiandika lilelile, herufi nane, wino wa buluu,
*ni* yake juu, na Somoe chini yake.
Halafu, hakimu akipangusa miwani,
nyuma ya ule mkia wa *kali*
nikaweka kwa penseli, ndogo mno,
m.

Esha anasema penseli hufutika.
Najua.