Kizimba cha Kumi na Saba

Mama yangu, Mtoni Kijichi, hutega panya kwa dagaa.
Alfajiri hutoka na koleo, akimlaani marehemu
kwa ajili ya mfuko wa unga uliotobolewa.
Sijapata kumwambia kwamba mimi, msomi wake,
nalipwa mshahara Upanga kuwalisha,
kuwabadilishia maranda,
kuwapima kwa mizani sahihi kuliko ya sonara.

Wa kizimba cha kumi na saba hakuwa na jina.
Mweupe, macho punje za komamanga.
Tulimchoma protini ya kimelea cha malaria, tone tu,
wiki mbili zikapita, tukamchoma tena,
tukaiacha damu yake imkariri adui,
ugonjwa wa watu, usiomhusu.
Ikakariri.

Kisha siku ile. Sikitu ana mkono usiotetemeka.
Bandama ilitoka nyembamba kama ganda la choroko,
imejaa seli zenye elimu na siku chache za kuishi.
Katika chupa ya pili, seli za saratani:
hazijui lolote, hata kufa hazijui.
Tukaziozesha.
(Ndoa za namna hiyo nimeziona hata Temeke.)

Wengi waliozaliwa hawakuvuka dawa ya mchujo.
Waliovuka tuliwatenga, seli moja kisima kimoja,
visima tisini na sita kila sahani,
maana panya wengi hawachimbi shimo;
tulimtaka mchimbaji mmoja
na kizazi chake chote kikisema neno moja, lile lile.

Alhamisi umeme ukakatika.
Nililala kando ya jenereta kama mama wa njiti,
nyuzi thelathini na saba, thelathini na saba,
mpaka adhana.

Sahani ya tano, safu ya nne, kisima cha saba:
njano.
Sikitu hakupiga kelele. Alivua glavu, akaketi sakafuni.

Masika, mama akashikwa na homa.
Zahanati wakamtoboa kidole, tone la damu kwenye kipimo,
na mstari wa pili ukajichora taratibu, mwekundu.
Sijui ni ukoo gani uliomkamata yule kimelea;
huenda ni wa panya mwingine, wa nchi nyingine.
"Nani kauchora?" akauliza.
"Panya, mama."
Akacheka, akadhani homa imenipanda mimi.

Alipopona alitega tena.
Dagaa nilimnunulia mimi.