Mahali pa Picha

Miaka kumi na tisa mama yangu, Nyevu,
alipangusa vumbi la mji asioujua.
Kila Jumanne, kitambaa kikavu,
kwani Sinyora Ornella alimwonya:
mchoraji huyu alikufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa,
ukifuta kitu, Nyevu, hawezi kurudi kukirudia.

Mji wenyewe umejaa maji hadi vizingitini.
Siku ya kwanza mama alicheka:
mafuriko gani haya, na watu wamevaa kofia?
Kisha akazoea, akaanza kuwapa majina.
Mwanamke wa roshani anayekung'uta zulia, huyo Mbeyu.
Mbwa mweupe, kama punje ya mtama, Askari.
Na yule anayejisaidia nyuma ya nguzo
akidhani hakuna amwonaye,
huyo alimwita Diwani.

Jioni, kwetu Muyeye, kwenye sima na mchunga,
tulipewa habari zao:
leo Mbeyu amechoka.
Leo Diwani bado hajamaliza.

Ndipo Sinyora akamtobolea siri.
Mnara ule haupo upande ule.
Mchoraji aliutazama mji kwa kisanduku cha giza,
akanasa kila dirisha, kila ufa wa ukuta,
halafu akaushika mnara, akausogeza kushoto,
picha ipate kukaa.

Mama alinyamaza njia nzima kutoka Casuarina.
Usiku, taa imeshazimwa, akasema:
"Kumbe inaruhusiwa."
Akanyoosha mkono gizani.
"Ningekuwa mimi, bomba la maji ningelileta hapa mlangoni.
Kaburi la baba yenu ningeliacha palepale,
ila ningelitilia kivuli."

Sinyora amerudi kwao.
Picha ilifungwa blanketi, ikapelekwa uwanja wa ndege
kama mgonjwa.
Mwenye nyumba mpya akaniita mimi, fundi rangi,
na ndoo mbili za rangi ya maziwa.
Ukutani palibaki mraba,
mweupe kuliko ukuta wenyewe.

Mama alikuja na kitambaa chake. Ilikuwa Jumanne.
Akasimama pale, akagusa chokaa tupu:
Mbeyu hapa. Askari hapa chini.

Nilianza kulia, nikashuka, nikapanda,
nikafika kushoto, mkono ukasita.
"Mnara ulikuwa hapa," nikauliza,
"au pale ulipo kweli?"

"Paka," akasema.
"Hata Diwani atakuwa amemaliza."