Kifaa Namba 212

Daftari langu halina karatasi.
Lina mistari mia tatu na kumi na moja,
kila mstari kifaa, kila kifaa na jina lake na mahali pake:
tangi la tatu, mlango wa kupakilia,
rafu ya jibini la miezi tisa.
Kila dakika kumi vinaniamkia
kama watoto wa shule: nipo, nipo, nipo,
nyuzi nne, unyevu themanini na tano, betri nusu.
Lisemwalo lipo. Hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Isipokuwa 212.
Hakina jina, hakina mahali.
Kinaitika tu.

Kaarel, mkurugenzi, alisema Jumatatu
huku akikung'uta theluji ya Paide viatuni:
"Leelo, kila kifaa tunakilipia kwa mwezi.
Kisicho na kazi kifute.
Nataka daftari safi."
Safi. Neno la mtu asiyeshika ufagio.

Nami ningekifuta. Ni kubonyeza mara mbili,
na ya tatu kuulizwa: una hakika?
Sikuwa nayo.
Nikafungua takwimu zake za mwaka mzima,
nikazisoma kama barua
iliyoletwa nyumba siyo.

Sita. Sita. Sita. Tano na nusu.
Siku nenda siku rudi, baridi ya chumba kilichosahaulika.
Kisha Alhamisi, saa nne kasorobo usiku:
kumi na moja. Kumi na sita. Kumi na tisa.
Dakika arobaini za joto,
halafu mstari unateremka polepole,
kama mtu asiyetaka kuondoka.
Alhamisi iliyofuata, vivyo hivyo.
Hata Juni, usiku unapokataa giza,
ulipanda, japo kidogo.

Mashine haijui Alhamisi.

Aliyevifunga vyote ni Endel, fundi umeme,
tuliyemzika masika mawili yaliyopita.
Waya zake alizifunga kwa uzi mwekundu wa sufu
uliobaki kwenye soksi za mkewe.
Miaka sita nimesoma nyuzi kwenye kioo;
Jumatano ile nilishika uzi wenyewe,
nikaufuata chini ya ghala la chumvi,
nikapita bomba la maziwa lililokatwa zamani,
mpaka mlango ambao ramani yetu inauita ukuta.

Benchi. Birika la umeme. Hita ndogo.
Vikombe vitatu vimeoshwa, vimefunikwa,
kimoja hakina mkono.
Chupa ya jemu, kijiko ndani.
Na ukutani 212, taa yake ya kijani ikipepesa,
chini yake utepe na penseli ya Endel:
*Ya wasafishaji. Wasigande.*

Galina. Valve. Zinaida.
Wanaosugua sakafu za maji baridi usiku kucha,
ambao saa ya zamu inaapa
hawajakaa hata mara moja.

Kikipewa jina, kitaonekana.
Kikionekana, kitahesabiwa.
Watu watatu, dakika arobaini, wiki hamsini na mbili:
saa mia moja na nne.
Kaarel si mtu mbaya. Ana mkopo, na ana jedwali,
na jedwali halijawahi kuona vidole vya Zinaida.

Mimi ndiye ninayewafundisha wageni
kwamba daftari linalodanganya
ni heri lisingekuwapo.
Nilikaa kwenye benchi lile muda mrefu.
Kisha nikaandika:

Jina: pampu ya akiba.
Mahali: chini.
Kumbukumbu: zifutwe kila siku.
Wanaoruhusiwa kuona: mmoja.
Gharama, yuro moja na senti arobaini,
niliitia kwenye fungu la mitego ya panya.

Alhamisi. Nyumbani, meza ya jikoni, simu mkononi.
Kumi na moja.
Kumi na sita.
Nikaizima
kabla haijafika kumi na tisa.