Kabati la Vipande Viwili

Lilipokuja kwangu lilikuwa nusu tu,
nusu ya chini: miguu minne, milango miwili,
na watoto watatu wa kabati waliobana midomo.
Nusu ya juu, yenye rafu za sahani,
aliichukua Nest siku tulipogawana vya mama,
siku fundi Ifor alipofungua skrubu sita bila kututazama,
akasema mwaloni haupendi kelele.

Ndugu wakigombana, jirani hushika jembe.
Penmachno yote ililima miaka kumi na moja.
Kati yetu kadi za Krismasi,
jina tu, bila hata “wako”.

Masika haya nimehamia kijumba cha babu,
kuta za mawe, nene kama mkate wa nyumbani,
dari inayomfunza mrefu adabu.
Nimetundika pazia la maua madogo madogo, yaliyofifia,
nimenunua birika la bluu lenye pengo mdomoni
na kiti cha kubembea kilichotupwa na mchungaji:
vikongwe vya sokoni,
sijui nani alimwonea mwenzake huruma.
Kisha nikaligeukia kabati.

Msasa wa themanini, halafu wa mia na ishirini.
Ikatoka kwanza rangi ya maziwa, ya mama,
ya mwaka wa harusi ya kaka Gethin.
Chini yake kijani cha hospitali
(baba aliipata bure; hatukuuliza bure ya nani).
Chini ya kijani, hudhurungi nzito kama chai iliyosahauliwa,
ya bibi, aliyepaka kila kitu hudhurungi
ili moshi ukose pa kuonekana.
Vumbi puani, vumbi kwenye siagi,
vumbi kwenye nyusi za paka.
Siku ya tisa mwaloni ukajitokeza,
uso wa mtu aliyeamka sasa hivi
na mikunjo ya shuka bado shavuni.

Mtoto wa kulia alifunguka kwa nta ya mshumaa.
Wa kushoto, kwa kubembelezwa.
Wa katikati, ng'o.
“Gethin mtupu,” nikasema kwa sauti,
yeye aliyeko Patagonia, asiyepokea simu.
Nikavuta. Nikatukana matusi ya machimboni, nikavuta,
akachomoka akaniangusha chali.
Ndani: uzi mwekundu, ufunguo usiofungua chochote,
na bahasha yenye skrubu sita.
Mwandiko wa Ifor, tuliyemzika mwaka juzi:
*Zitahitajika.*

Nilikaa pale sakafuni hadi chai ikapoa.
Kisha nikapiga simu.

Nest alifika Jumamosi na tela la kondoo,
rafu zimefungwa kwa blanketi na kamba ya nyasi kavu.
Akafunua. Nyeupe!
Nyeupe ya chaki, kingo zake zimekwaruzwa
ili zionekane zimeishi sana.
“Umelizeesha makusudi?”
“Na wewe umelichuna ngozi.”
Tukatazamana, vikongwe wawili wenye vumbi,
na kicheko kilipotoka kilikuwa na kutu,
kikagoma, kikasukumwa, kikaenda.

Skrubu tano zilijua njia.
Tundu la sita lilikuwa limepanuka,
halishiki kitu.
Nest akavunja njiti ya kiberiti, akaipaka gundi,
akaishindilia tunduni kwa kidole gumba,
kama mama alivyokuwa akiziba kila kitu.
Ikashika.

Sasa limesimama ukutani, juu jeupe, chini mwaloni,
wageni wakidhani ni mtindo.
Sahani saba zangu, tano zake;
moja ina ufa, na kila mmoja wetu
anaapa ni ya mwenzake.

Mtoto wa katikati tumemwacha wazi kidogo.
Huku mvua haina likizo, mbao huvimba.
Akifungwa, atabana tena.