Saa Nne na Robo

Bi Mwantumu aliibeba kifuani,
imefungwa kanga ya jikoni,
kutoka Barabara ya Kumi na Tatu hadi kwangu, ya Nane,
Ngamiani nzima ikimpisha njia,
akaitua mezani pangu polepole.
"Inazima," akasema. "Haiagi."

Nikaiwasha. Ikalia mara tatu, milio mirefu,
na lugha hiyo naijua.
Nikachomoa rami, nikasugua meno yake
kwa ufutio wa mwanangu wa darasa la pili:
kutu ya kijani, chumvi ya hewa yetu,
maana Tanga hata kijiko kabatini hutoka jasho.
Ikawaka.
Elfu tano, mama. Nenda salama.

Waja leo, waondoka leo, ndivyo wasemavyo kwetu.
Ile ikaondoka Jumatatu,
Jumanne ikarudi.

Nikafungua ubavu mzima.
Ndani, unga.
Vumbi nalijua, hili halikuwa vumbi: unga, mweupe, laini,
umekaa juu ya feni kama umealikwa,
na mayai mawili ya mjusi, moja limeshapasuka,
na pini ya ushungi iliyotafutwa, nadhani, miaka.
Grisi ya prosesa imekauka, ukoko wa chungu.
Nikakwangua. Nikapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele.
Nikapuliza hadi nyusi zangu zikazeeka,
na sikuuliza
unga umetoka wapi.

Alhamisi. "Saa nne na robo," akasema, "kama jana,
kama juzi."
Mimi nilisikia "inazima".
Fundi akishapata jibu, masikio huenda likizo.
Nikasema: pawasaplai.
Nilisema kwa sauti ya daktari wa Bombo,
nikamwonyesha kapasita zilizovimba vichwa,
na kweli zilivimba, mbili kati ya saba,
kweli ndogo iliyobeba uongo wangu mgongoni.
Elfu arobaini na tano.
Akazitoa kwenye kopo la maziwa, noti za elfu mbili mbili,
na moja ya elfu,
zimekunjwa kama sambusa.

Kwangu iliwaka siku mbili, usiku na mchana, haikukohoa.
Kwake ilifika saa nne na robo.

Basi nikaenda mwenyewe.
Nikakaa kwenye benchi la wateja, bisibisi mfukoni,
kama askari kanzu anayemngoja mwizi wa kuku.
Bi Mwantumu alikuwa anachapa wasia wa mtu wa Pongwe:
minazi kumi na sita, baiskeli, nusu ya kisima.
Kwenye kona ya skrini, Januari mosi, elfu mbili na tisa.
"Betri ya saa imekufa," nikasema, "nikubadilishie?"
"Iache. Huyo peke yake
ndiye anayenikumbuka nikiwa na meno yote."

Saa nne. Mteja mmoja, kopi mbili za cheti.
Saa nne na dakika kumi. Paka.
Kisha ng'ambo ya ukuta Mhando akamaliza chai yake,
nikamsikia akisukutua, akitema,
akivuta swichi ya mashine ya kusaga.

Taa ikasinyaa.
Feni ya dari ikasita.
Na kompyuta ikakata roho
katikati ya neno "mrithi".

Hatukusema kitu.
Ukuta mzima ulikuwa unanguruma mahindi,
na kwenye tundu la waya, juu ya vichwa vyetu,
unga ukachungulia, ukashuka bila haraka,
ukatua juu ya kibodi, juu ya bisibisi,
juu ya goti la fundi.

Jioni ile nilichomoa stebilaiza ya friji yangu
nikampelekea. Mke wangu alinuna hadi samaki wakanuka.
Pesa nazirudisha kwa vipande; bado elfu kumi.
Yeye hazitaji kamwe.
Tukikutana sokoni hunitazama tu usoni,
kikapu mkononi, akauliza:
"Saa ngapi sasa, fundi?"