Zamu ya Maji

Ibra, Jumatano, saa nne kamili.
Kiyoyozi kinakoroma. Mundhiri anatabasamu,
ananiuliza goti langu linaendeleaje.
Sijamwambia mtu habari za goti langu.
Kaniona nikipanda ngazi, basi.

Kwa Kiarabu analia vizuri.
Majuto anayo tayari, yamepigwa pasi
kama kanzu ya Idi, yamefukizwa udi.
Ndiyo maana nikahamia Kiswahili,
lugha ya bibi yake aliyerudi kutoka Unguja,
lugha ambayo hajajifunza kuombea radhi.
Humo hujikwaa. Humo alisema:
"Mama alilia. Nikaona maji yanamtoka.
Nikahesabu bangili."
Zilikuwa sita. Aliziuza Sinaw, bei ya kutupa.

Mwaka wa kwanza nilimfundisha huruma.
Alikuwa mwanafunzi hodari:
akatoka na maneno yangu mdomoni
akamtapeli nayo binamu yake.

Sasa siulizi moyoni mna nini.
Nauliza: jana ulipopandwa na hasira, ulingoja?
"Nilihesabu mpaka arubaini." Alama.
Kazini ulikwenda? Alama.
Muuza duka alipokuzidishia chenji?
"Nilimrudishia. Nilijua utampigia simu."
Nusu alama.
Zikifika kumi, funguo za gari mpaka alasiri.
Adhabu humpitia kama upepo juu ya jabali;
kijizawadi cha leo leo, hicho hukisikia.

Nyuma ya kliniki unapita mfereji wa falaji.
Shamba hili nusu saa, lile robo,
zamu kwa zamu, tangu hatujazaliwa.
Maji hayaupendi mtende.
Hupita palipochimbwa,
na mtende huzaa.
Najiambia hivyo. Kuna siku naamini.

Mama yake hungoja nje, mikono mitupu.
Siku ya ishirini na tatu leo
mwanawe humpelekea dawa ya presha saa mbili,
na bilauri ya maji, bila kukosa.
Ananivuta shungi:
"Mwanangu, nambie kweli. Sasa ananipenda?"

Mimi na cheti changu ukutani,
mimi na daftari la alama:
"Bi Thuraya, leo dawa amekupa?"
"Kanipa."
"Basi kesho kunywa tena."

Mlango nimeuacha wazi.
Nikigeuka namkuta ametutazama,
midomo yake inalijaribu lile swali
taratibu, bila sauti,
kwa Kiswahili.